Mgawanyiko wa Seli na Malaria ya Bonde la Kilombero

Mwanafunzi ajifunzaye mitosisi na meiosisi huonyeshwa mara nyingi ncha ya mzizi wa kitunguu na chavua ya ua. Katika bonde la Kilombero, ambako malaria imechunguzwa mjini Ifakara tangu miaka ya 1950, uko mfano mwingine unaogusa uhai wa watu, nao ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum.

Mitosisi

Kabla ya seli kugawanyika, kila kromosomu hujinakili. Katika mitosisi nakala hizo huachana, na kila seli mpya hupata kromosomu zile zile za seli mama. Kimelea kilichomo mwilini mwa binadamu kina seti moja tu ya kromosomu 14. Kiingiapo katika chembe nyekundu ya damu, kiini chake hugawanyika mara kadhaa, kisha seli yote hukatika vipande. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya, kwa kawaida 16 hadi 32. Mipasuko hiyo ndiyo iletayo homa. Vimelea hivyo hufanana na mzazi wao, isipokuwa jeni ikibadilika wakati wa kunakiliwa.

Meiosisi

Baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, na mbu huvifyonza pamoja na damu. Tumboni mwa mbu gameti huungana kuwa zigoti yenye kromosomu 28, yaani jozi 14. Katika saa chache zifuatazo zigoti hufanya meiosisi: kromosomu hujinakili mara moja, kisha hugawanywa mara mbili. Kromosomu za kila jozi hukaa pamoja, hubadilishana vipande, halafu huachana. Vimelea vitakavyotokana nayo huwa tena na kromosomu 14. Kwa binadamu meiosisi hutangulia utungisho. Kwa kimelea hiki huufuata.

Meiosisi na usugu wa dawa

Dawa ya SP, iliyochukua nafasi ya klorokwini nchini Tanzania mwaka 2001, ina viungo viwili. Usugu dhidi ya pirimethamini hutokana na mabadiliko ya jeni iliyo katika kromosomu ya 4. Dhidi ya salfadoksini, katika kromosomu ya 8. Tuseme mbu amefyonza vimelea vya aina mbili, kila aina ikiwa sugu kwa kiungo kimoja tu. Vikipandana, kwa wastani robo ya uzao itarithi usugu wote wawili, robo haitarithi wowote, na nusu itabaki kama wazazi. Mitosisi peke yake haiwezi kuzikutanisha jeni hizo.

Jambo hili si la kubuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu kijiji cha Michenga, karibu na Ifakara, ulionyesha kwamba vimelea vya aina tofauti hupandana kwa wingi ndani ya mbu. Penye maambukizo mengi, mtu mmoja huweza kubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba meiosisi huweza pia kuzitenganisha jeni zilizokutana. Lakini dawa itumikapo huua vimelea dhaifu na kuviachia vile sugu nafasi ya kuenea. Kwa hiyo chandarua, kipunguzapo maambukizo, hupunguza pia nafasi za mchanganyiko huo.

Maswali

1. Kimelea kimoja kikitoa vimelea 16 kila saa 48, na vyote vikaishi na kuzaa, vitakuwa vingapi baada ya siku 6?
2. Kwa nini meiosisi haileti mchanganyiko mpya wa jeni iwapo gameti zote mbili zimetokana na vimelea vya aina moja?