Ekari au Hekta? Jinsi Kompyuta Inavyosoma Fomu Yako ya Mkulima

Hati miliki nyingi za hapa Embu, na za jirani zetu wa Meru pia, huonyesha ukubwa wa shamba kwa hekta. Fomu ya kusajili mkulima huuliza ekari. Mwenye hati iliyoandikwa "0.81 Ha" akinakili 0.81 kwenye fomu, amepoteza zaidi ya nusu ya shamba kwa kalamu yake mwenyewe, kwa maana hekta 1 ni ekari 2.47. Shamba lake ni ekari 2.

Jambo hili lina uzito. Usajili ulianza mapema mwaka wa 2023 kupitia kwa machifu na manaibu wao, na mbolea ya ruzuku hutolewa kwa kufuata rekodi hizo. Mwezi Agosti mwaka huo bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500.

Mfumo wa aina hii huamua kwa kanuni. Tuseme, kwa mfano tu, kanuni ni hii: ikiwa zao ni mahindi, basi mpe mkulima mifuko 2 kwa kila ekari. Mwenye ekari 2 atapata mifuko 4. Aliyeandika 0.81 atahesabiwa mfuko mmoja na kitu, na kompyuta haitamuuliza lolote. Afisa wa kilimo anayelijua shamba lako angeshtuka, kanuni haishtuki.

Ndiyo sababu kila sifa kwenye fomu hupewa aina yake. Ukubwa wa shamba ni namba yenye desimali, basi andika 0.5, si "nusu" wala "½". Robo ekari ni 0.25. Ukiandika 3/4, programu nyingine za kompyuta huigeuza kuwa tarehe, tarehe 3 Aprili au Machi 4, kutegemea ilivyopangwa! Andika 0.75. Na ile ploti ya futi 50 kwa 100 tuliyozoea kuiita sehemu ya nane ya ekari, kwa hesabu kamili ni 0.115 tu.

Zao huchaguliwa kutoka kwa orodha. Mkulima wa Mbeere mwenye ndengu na muguka asikubali kuandikiwa mahindi eti kwa kuwa ndiyo yaliyo juu kwenye orodha, kwa sababu kanuni husoma zao kabla ya kuhesabu mifuko.

Namba ya simu inaitwa namba, lakini kwa kompyuta ni maandishi: haijumlishwi wala kugawanywa. Ikihifadhiwa kama hesabu, sufuri ya mwanzo hutoweka, 07 inabaki 7, na ujumbe wa mbolea huenda usikufikie. Nambari ya shamba, kama zile zinazoanza na Gaturi/Githimu au Nyaki/Kithoka, nayo ni maandishi. Mistari ya mkwaju isiachwe.

Mahali pa kujaza idadi ya ng'ombe, kama huna, andika 0. Nafasi tupu humaanisha haijulikani, na kanuni inaweza kuirudisha fomu nzima.

Nenda na hati, kitambulisho na simu yako. Kabla ya kuondoka, mwombe anayekusajili akusomee ekari, zao na namba ya simu kutoka kwenye kioo cha mashine yake, si kutoka kwenye karatasi.