Kwa nini dawa iliyoua kantangaze mwaka juzi leo haiui?

Swali ninaloulizwa sana na wanaolima nyanya ni hili: "Bwana shamba, hii dawa siku hizi ni feki?" Dawa feki zipo kweli sokoni. Lakini mara nyingi dawa ni ile ile, aliyebadilika ni mdudu. Usipoelewa amebadilikaje, utaendelea kumwaga pesa kwenye bomba la kupulizia. Kinachombadilisha kinaitwa uteuzi asilia.

Uteuzi asilia ni nini?

Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Tuseme shambani kwako kuna viwavi 1,000 wa kantangaze, na 10 kati yao wamezaliwa na vinasaba vinavyohimili dawa fulani. Unapiga dawa, 990 wanakufa, unafurahi. Wale 10 wanabaki, wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260 hivi, na kwenye joto kizazi kinakamilika kwa takriban mwezi mmoja. Ukirudia dawa ile ile, unawachagua wale wale sugu tena. Angalia vizuri hapo: kiwavi mmoja mmoja "hazoei" dawa. Kinachobadilika ni kizazi kwa kizazi, na wewe ndiye unayechagua nani abaki.

Mabadiliko haya huja kwa mienendo tofauti. Mitatu iko shambani kwako.

1. Kuachana

Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa kibaiolojia ni spishi moja. Wakulima wa zamani walichagua mbegu: wengine walitaka majani, wengine kichwa, wengine maua. Leo huwezi kudhani ni ndugu. Hapa mchaguzi alikuwa mkulima, lakini kanuni ni ile ile. Asili nayo ikichagua tofauti huku na kule, ndugu huachana.

2. Kukutana

Kantangaze na yule nondo mdogo wa kabichi mwenye alama za almasi mgongoni ni wa familia tofauti. Wote wawili walipigwa sana na dawa za kundi la diamidi, zinazovuruga misuli ya mdudu. Watafiti walipochunguza waliosalia, walikuta mabadiliko mahali pale pale kwenye protini ile ile ya misuli. Hawakuambukizana. Walipewa mtihani mmoja, wakafikia jibu moja.

3. Kukimbizana

Kabichi ina kemikali kali za kujilinda, ndizo zinazoipa ule ukali kidogo mdomoni. Wadudu wengi zinawashinda. Nondo wa kabichi ana kimeng'enya cha kuzizima, na harufu yake anaitumia kutafuta mahali pa kutaga. Mmea ukiweka kufuli, mdudu anachonga ufunguo.

Sisi na dawa zetu tumeingia kwenye mbio hizo hizo. Nondo huyo alishaonekana kuwa sugu kwa DDT kisiwani Java mwaka 1953. Kwa hiyo dawa mpya pekee haitatuokoa.

Sasa ufanye nini?

• Badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa. Abamektini na emamektini zina majina tofauti, lakini zote ni kundi la 6. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, kwa mdudu hujahama. Tafuta namba ya kundi kwenye lebo. Kama haipo, soma kiambato hai, kisha muulize bwana shamba wako.

• Hesabu kwa vizazi. Kama ni lazima kupiga, tumia kundi moja ndani ya siku kama 30, kisha kizazi kinachofuata kikutane na kundi lingine. Usirudie kundi lile lile miezi miwili mfululizo.

• Fuata dozi ya lebo. Kuzidisha hakutibu usugu, kunaongeza gharama na sumu kwenye nyanya.

• Ua kwa njia ambazo dawa haimo. Weka mitego ya feromoni, okota matunda yaliyotobolewa, ng'oa na kuteketeza mabaki mara tu baada ya mavuno, na usipande nyanya juu ya nyanya. Aliyehimili dawa hana kinga dhidi ya kung'olewa.

• Kagua kabla ya kupiga. Kupiga kwa kalenda hata kama wadudu ni wachache ni kuwachuja sugu bila sababu.

Anza na daftari. Andika tarehe, kiambato hai na namba ya kundi kila unapopiga. Ukikuta namba moja imejirudia msimu mzima, ujue umekuwa ukifuga kantangaze sugu kwa pesa yako mwenyewe. Na kwa kuwa nondo anaruka, sugu wako kesho ni wa jirani. Kaeni kama kikundi, mpange zamu za dawa pamoja.