Je, Kizuri Chajiuza? Falsafa na Wajibu wa Kuwasilisha Mradi



Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inatosha sokoni, mbele ya embe lililoiva. Lakini vipi pale ambapo kizuri hicho bado kipo kwenye karatasi: andiko la vijana wanaoomba mkopo wa halmashauri, hesabu za SACCOS mbele ya mkutano mkuu, au mradi wa ukumbi unaopelekwa kwenye kamati ya fedha ya parokia? Hapo hakuna cha kuonja. Wasikilizaji wana dakika chache na maneno ya mtu aliyesimama mbele yao. Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba kuwasilisha vizuri si urembo wa kupamba kazi iliyokwisha. Ni wajibu wetu kwa ukweli na kwa wale wanaopaswa kuamua.

1. Ukweli una nguvu, ila unahitaji msemaji

Aristotle (384–322 K.K.), mwanzoni mwa kitabu chake cha Retorika, anafundisha kwamba mambo ya kweli na ya haki kwa asili yake yana nguvu kuliko kinyume chake. Mpaka hapo anakubaliana na wahenga wetu. Lakini anaongeza neno zito: uamuzi ukienda kombo, lawama ni ya wasemaji walioshindwa kuutetea ukweli huo. Basi hatuwezi kujificha nyuma ya usemi wa "mradi wetu ulikuwa mzuri, ila hawakutuelewa." Kueleweka ni sehemu ya kazi yetu.

2. Slaidi iliyoficha hatari

Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilirushwa kikiwa na wanaanga 7. Muda mfupi baadaye, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaeleza viongozi wa safari uchambuzi wao kwa kutumia slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilitia matumaini. Habari nzito ilikuwa chini kabisa: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa kikubwa mara 640 kuliko kile cha majaribio waliyoyategemea. Yaani majaribio hayo yasingeweza kumhakikishia mtu usalama.

Tarehe 1 Februari, Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wote saba walifariki. Slaidi si chanzo pekee cha msiba ule. Hata hivyo, tume ya uchunguzi ilisema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeweza kuisoma bila kutambua kwamba inazungumzia hatari ya uhai. Tuzingatie hili: slaidi ile haikuwa ya uongo. Ukweli ulikuwepo, ila uliwekwa mahali ambapo haukuonekana.

3. Nguzo tatu za kushawishi

Aristotle anataja njia tatu za kushawishi: hoja yenyewe, tabia ya msemaji, na hali ya moyo ya wasikilizaji. Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana kinachoomba shilingi milioni 6 za kufuga kuku 300 wa mayai, kuanzia vifaranga.

*Hoja.* Kikundi kianze na ombi lenyewe, si historia yake. Kisha kijibu swali ambalo kila mjumbe analo. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa takriban miezi mitano: atakula nini kabla ya yai la kwanza, na fedha zitatoka wapi? Andiko linalopiga hesabu ya trei za mayai na kuruka miezi hiyo mitano halijajenga hoja.

*Tabia.* Msemaji ataje hatari mwenyewe kabla hajaulizwa: kideri kinaweza kumaliza banda, na bei ya chakula hupanda. Kisha aeleze ratiba ya chanjo na akiba iliyotengwa. Anayeficha udhaifu huumbuliwa na swali la pili, na baada ya hapo hata ukweli wake hausadikiwi.

*Moyo.* Wajumbe wana hofu ya haki: fedha zisiporejeshwa, kikundi kingine kitakosa. Kugusa moyo si kuwaliza kwa hadithi za umaskini. Ni kuitambua hofu hiyo na kuijibu.

4. Pingamizi la Plato

Mtu atauliza: je, si ndivyo matapeli wanavyofanya? Plato aliliona hilo. Katika Gorgias, Sokrate anaufananisha ufasaha na upishi: tabibu akishtakiwa na mpishi mbele ya watoto, atashindwa, kwa kuwa mmoja hutoa dawa chungu na mwingine vitu vitamu. Onyo hili ni la kweli. Tumewaona waliowavuta watu kwenye "fursa" zilizokula akiba zao.

Mtakatifu Augustino, aliyefundisha ufasaha huko Milano kabla ya ubatizo wake mwaka 387, anatupa jibu katika kitabu cha nne cha De Doctrina Christiana. Kwa kuwa ufasaha unaweza kutumikia kweli na uongo, kwa nini tuwaachie waongo silaha hiyo, na watetezi wa kweli wabaki mikono mitupu? Akimfuata Cicero, anampa msemaji kazi tatu: kufundisha, kupendeza na kusukuma watu watende. Kufundisha ndiko kwa lazima. Mengine mawili ni watumishi wake.

5. Hatua za kufuata

1. Andika kwa sentensi moja uamuzi unaoomba. Ukishindwa, mada bado haijaiva.
2. Weka mbele habari nzito kuliko zote, hata kama ni mbaya.
3. Slaidi moja ibebe jambo moja. Majedwali marefu yagawiwe kwenye karatasi.
4. Fanya mazoezi kwa sauti, ukitazama saa, mbele ya mtu asiyeujua mradi. Kisha yeye akueleze alichoelewa.
5. Jiandae kusema bila projekta, maana umeme hukatika.
6. Usilolijua, sema hulijui, na taja siku utakayoleta jibu.

Hitimisho

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1287, inawataka wasimamizi wa mali kuwatolea waamini hesabu ya vile walivyolitolea Kanisa. Hesabu ikisomwa harakaharaka mwishoni mwa Misa, watu wakiwa wameshashika mikoba, imesomwa lakini haijatolewa. Mama aliyetoa shilingi elfu moja ana haki ya kuelewa ilikokwenda. Tukimsaidia aelewe, tumemheshimu.

Maswali ya kujadili

1. Katika taarifa ya mwisho iliyosomwa jumuiyani kwenu, jambo zito liliwekwa wapi?
2. Tutatofautishaje kugusa moyo na kulaghai?