Somo la Usalama Barabarani: Ringi na Matairi ya Gari Dogo lenye Nguvu

Somo la toleo hili linawahusu hasa vijana wanaomiliki magari madogo ya milango minne yenye injini zilizoshiba kuliko umbo lake. Wenye magari hayo si wachache. Kuanzia Mutukula hadi Busia, na kuanzia Malaba hadi Katuna, Subaru Impreza, Toyota Altezza na jamaa zake hupita mbele ya vizuizi vyetu kila siku, mengi yakiwa yamevalishwa ringi ambazo hayakutoka nazo kiwandani. Hatuandiki ili kumkataza mtu kulipamba gari lake. Mali ni yake, na ringi nzuri hutupendeza sisi pia. Tunachoomba ni kwamba ringi ikubaliane kwanza na gari kwa vipimo, ndipo ipendeze. Isipokubaliana, huenda gari lisilalamike siku inapofungwa. Litalalamika siku limebeba watu watano, mvua inanyesha, na lori lililo mbele limefunga breki ghafla.

Sisi watu wa mpakani tuna tatizo letu wenyewe katika jambo hili. Ringi hununuliwa upande mmoja, hufungwa upande wa pili, na fundi anayezifunga hajawahi kuonana na aliyeziuza. Muuzaji aliiona picha ya gari kwenye simu akasema, "Zitaingia tu." Kuingia ni jambo dogo. Ringi inaweza kuingia kwenye bolti, ikakubali nati zote tano, na bado ikawa hatari.

Tuanze na gari lenyewe. Ukifungua mlango wa dereva utakuta kwenye nguzo kibandiko chenye ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Hicho ndicho ushahidi wa kwanza, tena hauna upendeleo. Usitegemee gari la rafiki yako wa jina hilohilo, kwa maana Impreza ziliuzwa na vipimo tofauti kutegemea soko, mwaka na injini. Hapa tutachukua mfano wa Impreza WRX ambayo kibandiko chake kimeandikwa 205/55R16. Namba ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 55, ni urefu wa ukuta wa tairi ukiwa asilimia ya upana huo: asilimia 55 ya 205 ni karibu milimita 113. Ya mwisho, 16, ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganywa. Kuta mbili za tairi, ya juu na ya chini, hufanya milimita 225.5, ringi ya inchi 16 ni milimita 406.4, jumla ni takribani milimita 632. Hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima, na ndicho kinachopaswa kulindwa. Ringi ikiongezeka inchi moja, ukuta wa tairi hauna budi kupungua ili jumla ibaki karibu na ileile. Tairi la 215/45R17 linatoa milimita 625, pungufu kwa asilimia 1. Tairi la 225/45R17 linatoa 634, karibu sawasawa kabisa. Hata 225/40R18 hutoa 637, ambayo haifiki ziada ya asilimia 1. Kwa hesabu ya kipenyo, yote matatu yanakubalika, mradi ringi yenyewe iwe na upana unaofaa tairi hilo. Lakini mtu akishauriwa kuchukua 225/50R17 kwa sababu ndilo lililopo dukani, kipenyo kinafika milimita 657, yaani karibu asilimia 4 zaidi. Gurudumu hilo linaweza kugusa shokabusoba au ukingo wa madigadi, na spidomita nayo huanza kupotoka: iliyokuwa ikisema kweli sasa itasoma 80 wakati gari linakwenda 83. Utetezi wa namna hiyo haumsaidii mtu mbele ya askari mwenye kifaa cha kupimia mwendo. Ushauri unaozoeleka katika kazi hii ni kwamba tofauti isizidi asilimia 3; sisi tungependa ibaki chini ya 2.

Jambo la pili ni matundu ya nati. Magari haya yana matundu matano, lakini matundu matano hayatoshi kuwa jibu. Swali ni ukubwa wa duara linalopita katikati ya matundu hayo. WRX ya kizazi tunachokizungumzia ina duara la milimita 100. WRX STI nayo ilikuwa na duara la 100, ila kuanzia toleo la mwaka 2005 ikahamia 114.3, kipimo ambacho Altezza nayo inakitumia. Kwa hiyo magari mawili yenye jina moja, yanayofanana hata kwa sauti ya ekzosi, hayawezi kuazimana ringi. Mwaka uliomo kwenye kadi ya gari usikutie moyo kupita kiasi, chukua rula. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti iliyo jirani yake. Ukipata karibu milimita 59, duara lako ni 100. Ukipata 67, ni 114.3. Ni kazi ya dakika moja, na inaweza kuokoa fedha za safari nzima ya kwenda na kurudi ng'ambo.

Tunalikazania jambo hili kwa sababu ya wale wanaolazimisha. Ringi ya duara la 112 hukaribia sana ile ya 114.3, na fundi mwenye spana ndefu anaweza kuzikaza nati mpaka zikae. Zimekaa upande. Kila nati inavuta bolti kwa pembe, na kila mzunguko wa gurudumu unaipinda bolti hiyo kidogo, maelfu ya mara kwa safari moja. Chuma kikichoka hukatika, na gurudumu lililotoka kwenye gari lenye mwendo halichagui pa kwenda. Wanaotembea pembeni ya barabara, wengi wao wanafunzi na akina mama wanaorudi sokoni, ndio walio njiani mwake.

Nati nazo zina tabia zake. Uzi wa Subaru si uzi wa Toyota, ingawa unene wa bolti ni uleule wa milimita 12: hatua ya uzi wa Subaru ni milimita 1.25, na ya Toyota ni 1.5. Nati ya Toyota ikisukumwa kwa nguvu kwenye bolti ya Subaru itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itakula uzi. Tena, ringi nyingi za kununua zinahitaji nati yenye kichwa cha mviringo mchongoko, ilhali ringi nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati yenye bapa. Ukibadili ringi, uliza nati zake. Vilevile tazama tundu kubwa la katikati. Habu ya Subaru hii ni milimita 56.1, na ringi nyingi za madukani hutobolewa 73.1 ili ziuzwe kwa magari ya kila aina. Pengo hilo huzibwa kwa pete maalumu ya plastiki ngumu au aluminiamu, yenye bei nafuu. Bila pete hiyo, gurudumu linaweza kukaa nje ya katikati, na usukani utatetemeka hata baada ya kulinganishwa uzito mara tatu.

Kisha kuna kile ambacho wauzaji hukiita ofseti, nacho ndicho kinachotusumbua zaidi tunapokagua magari. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa ringi na uso wa ringi unaogusa habu. Ringi za kiwandani za Impreza hizi huwa na karibu milimita 53. Vijana hupenda ofseti ndogo, kwa mfano 35, kwa sababu gurudumu hutoka nje na gari huonekana limetanua mabega. Hebu tupime. Ringi ya kiwandani ina upana wa inchi 6.5, mpya ina inchi 7.5 na ofseti 35. Inchi iliyoongezeka hugawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande. Ofseti nayo inasukuma gurudumu zima nje kwa milimita 18. Ukingo wa nje umesogea karibu milimita 31, zaidi ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Uzito wa gari sasa unaning'inia mbali zaidi na beringi, nayo huchakaa mapema. Usukani unakuwa mzito na huvutwa na kila bonde la barabara. Gari likibebeshwa abiria wa nyuma, madigadi hushuka na kukwangua tairi. Tumekuta matairi yaliyokatwa namna hiyo hadi nyuzi zikaonekana, na mwenye gari akidhani ni harufu ya breki.

Wenye Subaru wana sharti moja zaidi ambalo wenye Altezza hawana. Subaru hizi huendeshwa kwa magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mtambo unaoruhusu tofauti ndogo ya mizunguko, kama ile inayotokea gari linapokata kona. Ukifunga matairi mapya mbele na kuacha yaliyolika nyuma, mtambo huo hautapumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Utapata joto, na hatimaye utakufa. Tofauti inayovumilika ni ndogo mno: mzingo wa tairi moja na jingine usipishane zaidi ya takribani milimita 6. Na kipande cha mpira chenye unene wa milimita 1 tu kikilika, mzingo hupungua kwa milimita 6.3. Kwa hiyo Subaru hununuliwa matairi manne kwa pamoja, ya ukubwa mmoja na aina moja. Asiye na fedha za manne asubiri azipate. Ni nafuu kuliko giaboksi.

Je, inchi 16, 17 au 18? Hapa tutasema maoni yetu bila kuzunguka. Ukuta wa 225/40R18 ni milimita 90 tu, dhidi ya 113 za tairi la kiwandani. Milimita hizo 23 zinazokosekana ndizo zilizokuwa zikipokea kishindo cha shimo na tuta. Kwa mtu ambaye kila jioni huiacha lami na kuingia barabara ya changarawe kuelekea nyumbani, ringi ya 18 ni kununua nyufa za ringi na malengelenge kwenye ukuta wa tairi. Lengelenge maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halizibwi wala halifanywi la akiba. Tungechagua 16, au 17 kwa anayetembea lami muda mwingi. Isipokuwa STI zenye breki kubwa za Brembo: kwa hizo ringi ya kiwandani ya 16 haipiti juu ya breki, na 17 ndipo pa kuanzia.

Ubavuni mwa tairi pana namba na herufi nyingine, kama 91V. Namba ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 91 ni kilo 615, 87 ni kilo 545, 84 ni kilo 500. Herufi ni mwendo wa juu kabisa: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Usishuke chini ya namba ya kiwandani, hasa gari likitumika kubeba watu na mizigo yao ya soko, maana uzito haugawanyiki sawa kwa magurudumu manne na ekseli ya nyuma ndiyo huonewa. Pia soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na rangi nyeusi inayong'aa isikupumbaze. Baadhi ya magari yanayotoka Japani hufika na matairi ya theluji, yenye mpira laini na mikato mingi midogo. Yaliundwa kwa baridi kali, na kwenye lami yetu ya mchana wa jua hulika upesi na kushika barabara vibaya.

Siku ya kufunga, usiondoke gereji mara moja. Paka chaki ubavuni na kwenye mabega ya matairi, pakia watu wanne, zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, na upite taratibu juu ya tuta. Chaki ikifutika mahali, ringi hizo zirudishwe kabla hazijachafuka, wakati muuzaji bado anapokea simu. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana yenye kipimo, gari likiwa limeshushwa chini. Kwa Subaru hizi karibu nyutoni-mita 100 zinatosha. Baada ya kilomita 80 hivi zikazwe tena, maana ringi mpya hujikalisha kwenye habu. Anayefunga Mutukula kwa safari ya Kampala atakuwa bado hajafika Masaka. Asimame mahali palipo wazi, nje kabisa ya barabara, aweke viakisi vyake vya pembetatu, azikaze, kisha aendelee na safari.