TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Safu tatu za misindano



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Makambako na Njombe, na nyie mnaotusoma mkiwa safarini.

Juzi baada ya tarawehe ndugu wawili walinifuata. Wanataka kwenda Umra kumi la mwisho. Nia njema, maana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Umra ya Ramadhani ina malipo kama ya Hija. Wakaniuliza bei, viza, hoteli iko umbali gani na Msikiti Mtukufu. Hakuna aliyeuliza habari ya madeni. Sikuwalaumu, kwa sababu hapo hapo na mimi niliwahi kukosea, tena vibaya.

Miaka kadhaa nyuma, mzee wetu mmoja alivuna misindano yake upande wa Njombe akapata fedha ya Hija. (Jina nalihifadhi. Yumo humu humu, na amenipa ruhusa.) Akaja kwangu usiku, baridi ile ya Juni, anasitasita. "Shehe, jirani anasema safu tatu za mwisho zilikuwa ng'ambo ya mpaka. Na mimi naona kama kweli."

Nikamjibu bila hata kufikiri: "Mzee wangu, nafasi ya Hija ikipita hujui kama itarudi. Nenda kwanza. Huko utaomba msamaha, mengine mtamalizana ukirudi."

Hilo ndilo jibu nililompa, mimi niliyesoma madrasa tangu utoto na kusomea ualimu juu yake.

Mzee hakulala na jibu langu. Akamwita jirani na wazee wa kijiji, wakavuta kamba kwenye mpaka. Safu tatu hazikuwa zake. Akalipa thamani ya mbao zote, shilingi kwa shilingi, na fedha iliyobaki haikutosha safari. Mwaka ule ndege iliondoka yeye akiwa hapa Makambako. Wapo waliomwambia amefanya ujinga, tena jirani mwenyewe ni Mkristo, kwa nini ampe fedha ya Hija? Hapo ndugu zangu tuogope. Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba anayedhulumu ardhi hata shubiri moja atavishwa shingoni Siku ya Kiyama, ardhi saba. Hakusema ardhi ya Muislamu peke yake.

Nilipofungua tena vitabu niliona aibu. Baada ya kuhamia Madina, Mtume alihiji mara moja tu, mwaka wa 10 Hijria. Siku ile ya Arafa, mbele ya umma wote, alizungumza nini? Damu za watu na mali zao, kwamba ni haramu kama ilivyo haramu siku ile, mwezi ule na mji ule. Akafuta riba, na akaanza na riba iliyokuwa ikidaiwa na ami yake mwenyewe, Abbas. Yaani kwenye uwanja ambao sisi tunauendea kuomba msamaha, yeye alikumbusha haki za watu. Mimi nilimtuma mzee Arafa akakimbie jambo ambalo Arafa yenyewe ilihubiriwa.

Kifiqhi, kwa Mashafi'i, aliyehiji kwa mali ya haramu Hija yake inasihi, faradhi inaondoka, lakini dhambi anabaki nayo. Na ile Hija inayomrudisha mtu kama siku aliyozaliwa, wanazuoni wengi wanasema haifuti haki ya mja mpaka irudishwe au mwenyewe asamehe. Mwenye deni la halali ambalo muda wake haujafika, ameacha cha kulilipia na anayemdai ameridhia, huyo aende, asijitie wasiwasi.

"Fika kwanza" ni ugonjwa wa zama zetu. Hija ya 2024 walifariki watu 1,301 kwenye joto kali, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, wametembea mbali juani bila kivuli. Allah awarehemu, siwahukumu, na wapo waliodanganywa na mawakala. Lakini Hija imewekwa kwa mwenye kuiweza njia. Asiyeweza hadaiwi, sasa kwa nini tujitupe? Na wengine tukifika, mkono mmoja uko kwenye dua na mwingine umeshika simu, tawafu nzima tunawarushia watu wa nyumbani. Mtume alipanda mnyama mmoja, na huyo huyo ndiye aliyebeba mizigo yake.

Vijana wa stendi wanamwita yule mzee "Alhaji" kwa utani. Anacheka. Ameanza tena kuweka akiba, safari hii ya viazi, na jirani yake wanasalimiana.

Sasa wale ndugu wawili, na yeyote mwenye nia ya Umra au Hija mwaka huu: Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa msikitini. Bei tutaongea baadaye. Njooni na daftari la mnaodaiwa: vibarua wa shamba, mahari ya mke isiyolipwa, mirathi ya dada zenu, mpaka wa jirani. Tutaandika pamoja nani aanze kulipwa. Na mimi nitakuja na la kwangu.

Wabillahi tawfiq.