Mvua na Udongo

Gorong'a iko katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, nchini Tanzania. Wengi wa wenyeji wake ni Wakuria, watu wa kulima na kufuga. Mashamba yao huzaa ulezi, mahindi na mihogo, na utajiri wao tangu zamani ni ng'ombe.

Mtu akitaka kueleza jambo la moyoni, lisiloonekana kwa macho, hutafuta kitu kinachoonekana, akalifananisha nacho. Maneno ya namna hii huitwa mfano. Upendo hauonekani, wala haushikiki kwa mkono. Lakini nchi ya Mara ina mambo matatu yanayoweza kuonyesha jinsi unavyomgeuza mtu.

La kwanza ni udongo. Katika nchi tambarare za Mara uko udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa, na jembe likiupiga hurudi juu kama lililopiga jiwe. Mvua ikinyesha, udongo huo hunywa maji na kufura, nao ufa hufumba. Udongo ni ule ule, haukuletwa mwingine. Ndivyo upendo ufanyavyo kwa mtu mgumu. Haumpi moyo wa mtu mwingine, bali hulainisha moyo wake mwenyewe. Tena mvua ya siku moja haitoshi. Hulowesha juu tu, na chini hubaki pakavu.

La pili ni majani. Moto ukipita mbugani, majani yote huwa majivu, na mgeni aonaye husema kwamba nchi imekufa. Lakini mizizi i hai chini ya ardhi. Mvua zikianza, baada ya siku chache machipukizi hutokeza. Nyumbu wa Serengeti, ambao idadi yao hupita 1,000,000, husafiri kila mwaka wakifuata mvua na malisho mabichi, hata huvuka Mto Mara. Hasira nayo ni moto. Huweza kuunguza maneno mema yote kinywani mwa mtu. Hata hivyo, mara nyingi mzizi wa wema haujafa, ila unangoja maji.

La tatu ni mto wenyewe. Mto Mara hutoka katika milima ya Mau, nchini Kenya, ukaenda karibu kilometa 400 hata kuingia Ziwa Viktoria upande wa Musoma. Wakati wa mvua maji yake huwa mazito kwa tope. Kabla ya kufika ziwani, mto hupita katika kinamasi kikubwa chenye mafunjo. Mafunjo hayashindani na maji wala hayayazuii. Huyapunguza mwendo tu, na tope jingi hutua chini polepole. Mtu mwenye upendo hukaa na mwenye hasira vivyo hivyo, kwa saburi, hata hasira itue.

Wanafunzi na wafikirie sasa kijana mmoja wa Gorong'a. Usiku mmoja wezi waliiba ng'ombe wa baba yake, na nyayo zikaelekea ng'ambo ya mto. Tangu siku ile kijana aliapa kwamba hatamsalimu mtu wa ng'ambo maisha yake yote. Mwaka uliofuata kaka yake akaoa, na bibi arusi akatoka ng'ambo ile ile. Kijana alikataa kula chakula alichokipika. Yule mwanamke hakumgombeza wala hakumshtaki kwa wazee. Kila jioni alimtengea ugali wake, akaufunika, akanyamaza.

Masika yalipofika, kijana alishikwa na homa kali. Usiku alipofumbua macho alimwona shemeji yake ameketi karibu na kitanda, na kitambaa chenye maji mkononi.

Akamwuliza, "Shemeji, kwa nini hulali? Mimi sijakutendea jema hata moja."

Naye akajibu, "Nilipovuka mto, ng'ombe wa mahari walivuka kwenda kwetu. Wale walikuwa ng'ombe wa amani. Sasa wewe ni ndugu yangu. Kunywa maji, baba, ulale."

Kijana hakusema neno. Alipopona, alichukua jembe kabla ya jua kuchomoza, akaenda kupalilia shamba la ulezi la shemeji yake. Jioni aliketi akafunua chakula chake, akala mbele ya watu wote.

Hapa yafaa kuangalia jambo moja. Ng'ombe ni mnyama yule yule. Akiibwa, huwatenga watu wa pande mbili za mto, na pengine damu humwagika. Akitolewa mahari, huwaunganisha, na watoto huwa na wajomba ng'ambo. Koo za Tarime zimewahi kupigana kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na waliofiwa wanaijua gharama yake. Kwa hiyo maneno juu ya moyo kugeuka si pambo la lugha tu katika nchi hiyo.

Walakini kila mfano una mpaka wake. Udongo hauna hiari. Mvua ikinyesha, lazima ulowe. Mwanadamu anaweza kupendwa miaka mingi, naye akaendelea kufunga mlango. Kijana yule angaliweza kupona, akarudia chuki yake. Shemeji alileta mvua, lakini mkono ulioshika jembe ulikuwa wa kijana mwenyewe. Na mkulima yeyote anajua kwamba udongo uliolowa usipolimwa kwa wakati wake, jua huukausha tena ukawa kama jiwe.

MASWALI

1. Mfano ni nini, na kwa nini watu huutumia?
2. Mafunjo hufanya nini kwa maji ya Mto Mara? Mtu anayefanana nayo hutenda nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya ng'ombe wa wizi na ng'ombe wa mahari?
4. Mwanadamu hatofautianaje na udongo? La, hutofautiana naoje? Eleza kwa habari ya kijana.
5. Tafuta mfano mwingine wa upendo katika nchi ya kwenu, uuandike kwa mistari mitano.