Programu ya kuhamisha kanda za kamera kwenda DVD: anza na deki ya mteja

Tangu nianze kutangaza kwamba napokea kanda za zamani za kamera na kuziweka kwenye DVD, meseji zinazoingia zina swali lilelile: "Unatumia programu gani?" Leo najibu. Ila soma mpaka mwisho, maana jina la programu peke yake halitakusaidia.

Kwanza tuelewane kuhusu hii kazi. Mteja anayekutumia kanda ya harusi ya miaka ya tisini mara nyingi hana nakala nyingine. Mle ndani kuna sura na sauti ya mzazi ambaye huenda hayupo tena. Anachotaka ni kuweka diski kwenye deki, familia ikae sebuleni, picha itoke. Basi.

Na sisi tunaouza mtandaoni tuna mtihani wa ziada: mteja yuko mbali. Umetuma kifurushi kwa basi kwenda Mbeya, diski ikagoma kucheza, utaichoma upya na kuituma tena kwa pesa yako. Faida imekwisha hapo hapo. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: programu nzuri ni ile inayotoa diski inayocheza kwenye deki ya kawaida ya nyumbani. Mapambo ni baadaye.

Kazi yenyewe ina hatua tatu. Kila hatua ina programu yake, na zote ninazotaja hapa ni za bure.

HATUA YA 1: KUINGIZA VIDEO KWENYE KOMPYUTA

Angalia kwanza kanda ni ya aina gani.

Kanda ndogo za MiniDV: hizi ni za kidijitali. Pitisha kwa waya wa FireWire, sio USB, kwa sababu kamera nyingi za aina hii hutoa picha hafifu kwa USB au hazitoi video kabisa. Kama kompyuta haina tundu la FireWire, itabidi utafute kadi yake. Programu ndogo inayotosha ni WinDV. Andaa nafasi: saa moja ya kanda inakula kama GB 13. Kama diski yako ya nje imefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo tumia NTFS.

Kanda za VHS, Video8 na Hi8: hapa unahitaji kile kifaa cha USB cha kunasa video, chenye matundu ya nyaya za rangi. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. OBS Studio inarekodi vizuri kutoka kwenye kifaa hicho.

Kamera za memori kadi: hapa hurekodi chochote, unakopi tu mafaili. Mengi yanaishia na MTS.

Kumbuka, kanda ya saa mbili inaingia kwa saa mbili. Hakuna programu ya kuharakisha hilo. Bei yako ihesabu muda huo, usihesabu bei ya diski tupu peke yake.

HATUA YA 2: KUTENGENEZA DVD YENYEWE

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ukichukua faili la MP4 ukalichoma kwenye diski kama unavyokopi kwenye flashi, umetengeneza diski ya data. Kompyuta itaisoma, lakini deki nyingi za zamani zitaikataa. DVD ya video ina mpangilio wake: picha inageuzwa kuwa MPEG-2 na kuwekwa kwenye folda inayoitwa VIDEO_TS. Programu unayoitafuta ni ile inayofanya hivyo.

Mimi natumia DVDStyler. Ukifungua mradi mpya inakuuliza mambo machache:

- Ukubwa wa diski: chagua GB 4.7.
- Mfumo wa picha: chagua PAL, ndio unaotumika kwetu Tanzania na Kenya. Kama mzigo unaenda Marekani, huko wanatumia NTSC, muulize mteja kwanza.
- Umbo la picha: kanda nyingi za zamani ni 4:3. Ukiweka 16:9, bibi harusi anavutika kwa upana.
- Ubora: acha programu ijipangie yenyewe.

Kisha buruta video zako ndani, weka menyu ya kawaida yenye jina la tukio na tarehe, mwisho iagize itengeneze folda au faili la ISO kabla ya kuchoma.

Usijaze kupita kiasi. Diski moja ya GB 4.7 ikibeba saa moja, picha inakuwa safi. Saa mbili bado inafaa. Ukilazimisha saa nne, watu wakianza kucheza muziki picha inakuwa vipande vipande. Harusi ndefu igawe diski mbili na uandike wazi: Ya 1, Ya 2.

HATUA YA 3: KUCHOMA

ImgBurn inatosha. Haigeuzi video, kazi yake ni kuchoma tu, na inaifanya vizuri. Chagua mwendo wa kati, kama 4x au 8x, na iache ihakiki diski ikimaliza. Mimi nanunua DVD-R kwa sababu deki za zamani huzipokea kwa urahisi.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni HandBrake. Ni programu nzuri sana, ila inatoa MP4 na mafaili ya aina hiyo. Haitengenezi DVD ya video. Usipoteze bando kuipakua kwa kazi hii.

Mtego wa pili ni programu za kulipia zinazokuruhusu kujaribu bure. Nyingi zinagandisha jina lao juu ya picha. Unasubiri saa nne, unakuta maandishi yamepita usoni kwa bwana harusi. Kabla ya kazi ya mteja, tengeneza video ya dakika tano uone kinachotoka.

Mtego wa tatu ni mafundisho ya zamani yanayosema tumia Windows DVD Maker. Ilikuwa kwenye baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7. Kuanzia Windows 8 haipo tena, usihangaike kuitafuta.

Na programu yoyote ya bure, ipakue kwenye ukurasa wake wenyewe, usome kila dirisha wakati wa kuiweka. Ukibonyeza tu bila kusoma, unaweza kuingiza vitu ambavyo hukuomba.

JARIBIO LA DAKIKA KUMI

Programu yoyote utakayochagua, ipime hivi. Chukua dakika kumi za video yenye watu wanaocheza na mtu anayeongea mwishoni. Tengeneza diski, iweke kwenye deki iliyounganishwa na TV, sio kwenye kompyuta. Angalia mambo manne. Inaanza yenyewe? Rimoti inachagua kwenye menyu? Mikono ya wachezaji inatulia au inatetemeka? Mdomo wa muongeaji wa mwisho unakwenda pamoja na sauti? Ikifaulu yote manne, hiyo ndiyo programu yako, hata kama sura yake ni ya kizamani.

Deki ya mtumba nunua moja uiweke dukani. Ndiyo kipimo chako, na kila diski ipite hapo kabla haijapanda basi.

La mwisho, wengi hawana deki tena. Muulize mteja mapema, na umpe chaguo la kupata video hiyohiyo kwenye flashi kwa nyongeza kidogo. Kwa video za kamera za memori kadi, flashi inabaki na ubora wake wote, wakati DVD inaupunguza.

Kanda rudisha zote, hata iliyokwaruzika. Na video iliyoko kwenye kompyuta yako usiifute mpaka mteja akuandikie mwenyewe kwamba diski imefika na imecheza.